Nesi Radhia na Mgeni wa Saa Saba Mchana

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Nesi Radhia Abdulkadiri alivua sare aliyoivaa kwa miaka ishirini na tisa, yote katika zahanati yetu hii moja, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kinampanda. Kamati imeniomba niandike habari zake kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi, nichangamke na nisirefushe. Kutorefusha nitaweza.

Alifika Februari 1996 kutoka Pangani, akiwa na sanduku la bati, mbuzi ya kukunia nazi, na Kiswahili ambacho wagonjwa walidhani ni hotuba. Nazi hakuziona. Aliletewa ugali wa uwele na mlenda, akala huku anatabasamu, kisha akaenda kulia chumbani. Hayo amenisimulia mwenyewe. Kinyiramba hakukijua hata salamu, na akina mama wa hapa, akiwemo mama yangu aliyenibeba mgongoni, hawakuwa wepesi wa kumzoea mtu. Walileta watoto, wakapima uzito, wakaondoka.

Kosa lake kubwa alilifanya wiki ya pili. Kijijini kwetu, mtu akipiga hodi saa za jua kali, haitikiwi mara ya kwanza. Unanyamaza, unangoja. Mwenye shida yake atarudia. Kuna mwingine anayepiga mara moja tu, na huyo haitikiwi kabisa. Kila mtoto wa hapa anajua, ila kumwambia Radhia hakuna aliyekumbuka. Kwao Pangani, kumwacha mgeni mlangoni ni aibu ya nyumba nzima. Basi saa saba mchana ilipopigwa hodi, sauti ya mwanamke, mara moja, aliitikia kwa moyo wote: karibu, pita ndani, hapa ni kwako. Mlango ukafunguka. Hakuona mtu. Mzee Ignas, mlinzi wetu wa wakati ule, alikuwa anafagia uwanja. Aliacha ufagio pale pale akaenda kwake mpaka kesho yake.

Aliporudi, mzee alimweleza Radhia alichokifanya, akamshauri aombe uhamisho. Radhia aliandika barua, akaisoma, akaichana. Alimwambia mzee kwamba amekaa wiki mbili hapa bila kutembelewa, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuja.

Tangu hapo alikuwa akimimina vikombe viwili vya chai. Tulimtania sana, naye alicheka. Kwenye chumba cha kujifungulia hatukumtania. Akina mama walikuwa wakitoka mle na habari moja: wanamshukuru nesi, na wanamshukuru yule mama mwenzake aliyewashika mgongo, mwenye viganja vya baridi. Kwa miaka mingi zahanati ilikuwa na mkunga mmoja tu. Waliozaa mwaka 1998 na waliozaa mwaka jana wanamweleza vilevile, sura ileile, umri uleule. Na kwa miaka yote hiyo chumba kile hakijapoteza mzazi hata mmoja. Wilaya ilimpa Radhia cheti na baiskeli.

Taratibu akawa mtu wa hapa. Alilima alizeti, akafuga kuku, akakaa chini na wafiwa kila msiba, na Kinyiramba alikijua mpaka cha kugombeza. Mimi alinipima nikiwa mchanga, akanifundisha kazi nikiwa mtu mzima.

Nilipoambiwa nitabaki mkunga peke yangu, niliogopa. Sikuogopa kuachiwa yule mgeni. Niliogopa ataondoka. Nikamwomba Nesi Radhia ambembeleze abaki. Alifanya hivyo mchana kweupe, chumbani kwake, nami nimesimama uani. Nilimsikia akiongea kwa Kinyiramba, kwa upole, akinitaja jina. Jibu sikulisikia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliniambia tu kwamba yule mama amepiga hodi kijiji hiki kizima, miaka mingi, na anakumbuka ni akina nani walionyamaza.

Jumatano hii alikuja Martha kujifungua, uzazi wake wa tano katika chumba kile. Mtoto alitoka vizuri, kisha damu ikaanza kumtoka Martha kwa wingi. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, nikapiga simu hospitali ya Kiomboi watume gari la wagonjwa. Wakati wote nilikuwa nasikiliza, aibu kusema, kama kuna atakayenisaidia. Damu ilikata kabla gari halijafika. Martha na mtoto ni wazima. Alipopata nguvu alitazama huku na huku, akaniuliza yule mama mwingine yuko wapi. Nikamjibu kwamba wamestaafu wote.

Tangu siku hiyo naitikia hodi ya kwanza, saa yoyote. Mpaka leo wanaoingia ni watu tu.

Nesi Radhia, asante kwa mikono yako, kwa kunigombeza, na kwa kufanya mbele yetu jambo ambalo sisi wenyeji tulikuwa tunaogopa kulifanya. Basi la Jumapili linaondoka asubuhi; waambie watu wa kwenu Pangani watandike vitanda viwili. Nendeni salama ninyi wawili, mkaishi vizuri, mkipendwa.

Sara Melkizedeki,
Muuguzi Mkunga