Mashine Isiyojibu Salamu

Benchi ni langu, nalisema mapema ili lijulikane. Nililiweka nje ya kibanda changu cha kunyolea kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, lakini mteja aliyelikalia kabla ya siku ya habari hii simkumbuki. Limekaliwa na Katiba, ambaye hana hata unywele mmoja wa kunyoa, na Kamba, ambaye hunyolewa na mkewe, na Fundi Kesho, mtengeneza redio wa kibanda cha jirani, aliyepata jina lake kutokana na jibu analowapa wateja wote. Birika la kahawa ni langu pia. Mlango unaofuata ni wa Mama Nyuzi na mashine yake ya kudarizi, na maneno ya kijiwe chetu siku hizo yote yalikuwa juu ya mashine hiyo.

Aliachiwa na marehemu mama yake. Ni mashine nzito, ya miaka ile vitu vilipotengenezwa kwa chuma, na ndani yake yamehifadhiwa maua yote marehemu aliyoyachora katika maisha yake ya kazi: mawaridi, asumini, matawi ya kuzungusha kwenye pindo. Umeme usipokuwepo, maua hayo yanashikiliwa na betri ndogo iliyolehemiwa humo humo, na ukiing'oa tu kila kitu kimefutika. Sasa betri yenyewe ilikuwa inakata roho. Juzi umeme ulikatika kidogo, na uliporudi waridi kubwa la mbele ya gauni halikuwepo tena. Mama Nyuzi alitoka nje akasimama mbele yetu ameshika mkasi. Tangu siku hiyo mashine haizimwi, na taa ikipepesa sote tunashika mioyo. Dawa ni moja tu, maua yahamishiwe kwenye kompyuta kabla umeme haujakatika tena.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na tundu la pini tisa kama la mashine, na waya wake maalumu wa kuziunganisha. Ilipokufa, Kamba aliombwa aipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, maana yeye ndiye mchukuzi wa mtaa. Akatafuta kitu cha kuifungia kwenye mkokoteni, akaona waya mrefu mzuri, akapiga fundo safi, na waya ukaenda na mzigo. Sasa unajua jina lake limetoka wapi.

Kompyuta mpya ni nyembamba kama sinia na matundu yake ni ya USB peke yake. Fundi akaleta adapta, kijiwaya kifupi chenye USB upande mmoja na pini tisa upande wa pili. Waya wa kutoka kwenye adapta hadi kwenye mashine akautengeneza mwenyewe, hapa hapa kwenye benchi langu, sisi tukimsimamia. Katiba alivaa miwani akawa anasoma namba za pini. Mbili kwa mbili, tatu kwa tatu, tano kwa tano, ndege wa rangi moja huruka pamoja. Kazi ilitoka safi, tukapeana mikono. Waya ukachomekwa. Mashine ikanyamaza kama haijaambiwa kitu.

Mchana huo Fundi alitoka ndani kwa Mama Nyuzi anajifuta jasho, akajimiminia kahawa yangu bila kuuliza.

— Kompyuta imeitambua adapta, akasema. Imeipa na namba yake. Programu inatuma ombi vizuri kabisa. Mashine haijibu.

— Na kasi ya kuongea? nikauliza, maana neno hilo alitufundisha jana yake.

— Elfu tisa na mia sita. Huku na huku, sawasawa.

— Hapo ndipo ulipoharibu, akasema Kamba. Haraka haraka haina baraka.

Katiba akatikisa kichwa kwa huruma. Jina lake amepewa kwa sababu hana hoja isiyokuwa na kifungu.

— Mnahangaika na waya bure. Hili ni suala la adabu. Hiyo mashine ni mtu mzima. Kompyuta ya juzi inaingia kwake inasema "vipi". Mashine inasubiri shikamoo. Kifungu cha kwanza, mdogo ndiye huanza.

— Lakini kompyuta ndiyo iliyoanza, akasema Fundi.

— Imeanza, ila imeanza vibaya.

Kamba hakukubali. Kwake yeye mashine ilikuwa imefiwa. Ilikaa na ile kompyuta ya zamani miaka yote, wakilala chumba kimoja, halafu watu wakaja wakambeba mwenzake mbele ya macho yake, hata pole hawakutoa. Nani angekuwa na hamu ya kuongea na mgeni?

— Wakambeba, nikasema, na wakamfunga kwa waya wake mwenyewe.

Kamba akajifanya anapuliza kahawa, ingawa ilikuwa imeshapoa.

Katiba akageukia adapta. Alitaka kujua kazi yake hasa ni nini pale katikati. Fundi akaeleza kwamba ndani yake kuna kidude kidogo kinachopokea lugha ya USB na kuigeuza iwe lugha ya zamani ya pini, kisha kinarudisha majibu vivyo hivyo.

— Yaani ni dalali, akasema Katiba.

— Ni mkalimani.

— Dalali mwenye elimu, ndiye mbaya zaidi. Umewahi kuona dalali anafikisha bei kama alivyotumwa? Mashine inasema waridi, yeye anafikisha mwiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa gani, hakuna aliyejua. Lakini Kamba alikuwa ameshapata lake jipya, akatuonyesha kwa mikono ukubwa wa ua la pindo, upana wa sahani, kisha akatuonyesha kwa kidole udogo wa tundu la USB. Ua lile lingepitaje pale bila kukunjwa? Na likikunjwa, asumini si itatoka mchicha? Katiba akasema kuna kifungu juu ya hilo. Fundi akasema wote wawili ni wajinga. Mimi nikasema birika limebaki kidogo. Tulisema haya yote kwa wakati mmoja, kama kawaida yetu.

Taa ya kibanda changu ikapepesa. Mama Nyuzi akatokea mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

— Mkimaliza kubishana mniambie, akasema. Mimi sauti ya mama sina, picha yake ninayo moja tu. Maua ndiyo niliyobaki nayo. Yakienda na haya, mama ameenda mara ya pili.

Akarudi ndani. Nilijisikia vibaya, na nadhani hata Katiba, kwa kuwa alivua kofia akaishika mapajani.

Basi tukiwa hivyo, akafika mama mmoja na mkoba wake begani, mdogo wa marehemu, mama mdogo wa Mama Nyuzi, aliyekuja kumwona mwanawe baada ya kusikia habari za mashine. Tukamwamkia kwa pamoja. Akatutazama mmoja mmoja, akagusa sikio lake la kushoto.

— Hili limestaafu zamani. Anayetaka kunisemesha asinipigie kelele. Njoo upande huu, mwanangu.

Ikabidi benchi zima lipangwe upya. Kamba alisimama, Katiba akasogea, Fundi akahamia upande wake wa kulia, na kikombe changu kikamwagika. Alipokaa vizuri akataka aelezwe. Wote tukaanza. Shikamoo, msiba, dalali, sahani. Akainua kiganja, tukanyamaza, akamwelekezea Fundi lile sikio zima.

Fundi akamweleza polepole, nadhani kwa mara ya kwanza bila mtu kumkata kauli. Kwamba pini ni tisa lakini zinazohitajika hapa ni tatu tu. Moja ni ya kusemea. Moja ni ya kusikilizia. Ya tatu ni ya pamoja, kama sakafu ambayo wote wawili wanasimama juu yake. Kompyuta inazo tatu hizo, na mashine inazo tatu hizo hizo, kwa namba zile zile. Kwa hiyo yeye ameunganisha kila namba na mwenzake.

Yule mama akafikiri kidogo.

— Sasa mwanangu, mdomo wa huyu umeupeleka kwenye sikio la yule, au umeupeleka kwenye mdomo wake?

Katiba akavaa miwani yake, kama anayetafuta kifungu. Kamba akaangalia magurudumu ya mkokoteni wake. Mimi nikaangalia ndani ya birika. Fundi alibaki ameshika kikombe hewani, na niliona midomo yake ikihesabu: mbili kwa mbili, tatu kwa tatu.

— Mdomo kwa mdomo, akasema mwishowe, taratibu. Sikio kwa sikio. Zote mbili zinasema, na hakuna anayesikia.

— Kama nyinyi nilivyowakuta, akasema yule mama, bila ubaya wowote.

Fundi akainuka. Nikamuuliza kama ni kesho. Akasema ni leo, na akaenda mbio kuchukua chuma cha kulehemia.

Alikata ule waya wetu mzuri pale pale kwenye benchi. Mbili akaipeleka kwa tatu, tatu akaipeleka kwa mbili, tano akaiacha ilipokuwa. Katiba alinong'ona kwamba ndege wa rangi moja, kisha akaikatiza mwenyewe. Tukaingia ndani sote, tukasimama nyuma ya Mama Nyuzi. Fundi akachomeka, akabonyeza. Kwenye skrini ya kompyuta ukatokea mstari, ukapinda, ukawa jani. Halafu asumini, ikifuatwa na matawi, na mawaridi madogo yakaja yakipangana kama watoto mlangoni. Mama Nyuzi alikuwa akiyataja kwa sauti ya chini, hili la harusi ya fulani, hili la shuka la jirani, hili mama alilichora akiwa mgonjwa.

La mwisho hakulijua. Mashine ilikuwa na skrini ndogo ya namba tu, isiyoonyesha picha, na ua hilo halikuwahi kushonwa. Lilikuwa duara la asumini, na katikati yake maneno. Yule mama mdogo hakuweza kuyasoma kwa mbali, akamvua Katiba miwani usoni, akaisogelea skrini.

Yalisema: Njoo upande huu.

Alikaa chini kwenye kigoda. Akasema dada yake alikuwa akimtania kwa maneno hayo tangu utotoni, tangu sikio lilipougua, na aliwahi kumwahidi mtandio utakaomsaidia kazi ya kuyasema kila siku. Alicheka, machozi yakamtoka, akaendelea kucheka. Mama Nyuzi akamshika mabega.

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Mngurumo wa mashine tuliouzoea usiku na mchana ulikufa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Ni kompyuta peke yake iliyobaki inang'aa kwa betri yake, na kwenye mwanga ule duara la asumini lilikuwa mahali pake. Mama Nyuzi akalitazama, akatutazama, kisha akashusha pumzi ndefu ambayo nafikiri alikuwa ameibeba tangu juzi.

Umeme ulirudi kabla hatujapata cha kubishania. Mashine ikawaka, na ndani yake hamkuwa na kitu, imefutika kote, tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Fundi akasema haidhuru, waya unapita pande zote mbili, tuone sasa kama mashine inasikia vile inavyosema. Akabonyeza kulirudisha lile la mwisho. Mama Nyuzi akachagua kitambaa cheupe, akakibana kwenye fremu, akatunga uzi wa kijani. Sindano ikashuka.

Katiba akakohoa kidogo, tukajua methali inakuja.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu, methali yake ilikuwa imekaa mahali pake. Akataka kuongeza nyingine.

— Subiri, mwanangu, akasema yule mama. Nataka kuisikia.

Aligeuza kichwa, akaielekezea mashine sikio lake zima. Sote tukageuka naye. Nje mteja alikuwa amefika, amekaa kwenye benchi langu tupu anasubiri kunyolewa, na sikumwendea mpaka neno la mwisho lilipomaliza kushonwa.