Nakusindikiza Tu

KOPLO: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DEREVA: Ah, afande! Miaka yote nimekubeba kwenye lori la jeshi, leo sauti yangu huijui?

KOPLO: Dereva! Mzima wewe?

DEREVA: Mzima. Nimebadilisha laini. Shikamoo basi, nisije nikachukuliwa hatua.

KOPLO: Marahaba, mstaafu mwenzangu. Uko wapi? Kuna mikwaruzo.

DEREVA: Nyumbani. Nimekaa zangu sebuleni, nakunywa chai. Wewe?

KOPLO: Mimi? Kibandani kwangu, nashona viatu vya watu. Kazi imenizidi leo.

DEREVA: Mbona sisikii nyundo?

KOPLO: Nimesema nashona.

DEREVA: Haya. Sikia, nina neno. Ile kliniki ya askari wastaafu, ya wale wasiolala—

KOPLO: Ngoja! Na mimi nilitaka kukuambia hiyo hiyo.

DEREVA: Anza wewe.

KOPLO: Mkeo alinipigia. Anasema siku hizi hushiki usukani hata wa baiskeli. Honi ikilia barabarani, unaingia chini ya meza na sahani yako mkononi.

DEREVA: Chakula hakijawahi kumwagika.

KOPLO: Hongera. Kwa hiyo nimeona nikupeleke. Mimi sina tatizo, nakusindikiza tu.

DEREVA: [anacheka] Wewe unisindikize mimi? Kaka, mkeo naye kanipigia! Shemeji anasema unalala jikoni na viatu miguuni, mgongo umeegemea mlango.

KOPLO: Jikoni kuna hewa.

DEREVA: Na wanakuamsha kwa mti wa ufagio, wamesimama mbali.

KOPLO: Hilo nalo kasema.

DEREVA: Kasema yote. Binti yako alipokuja kukuamsha—

KOPLO: Sikujua ni yeye. Nilikamata mkono tu. Nafumbua macho, naona ni mkono wa mtoto. Sasa anavaa sweta, jua kali hivi. Ananiambia, baba, hata hauumi.

DEREVA: Shemeji kasema usipoingia kliniki leo, jioni anamchukua mtoto, wanahamia kwa mama yake.

KOPLO: Najua. Mabegi yao yako mlangoni. Nimeyaruka asubuhi nikitoka.

DEREVA: Basi twende, afande! Kama hutaki maneno, vidonge vipo.

KOPLO: Nimeze nilale fofofo, halafu mlango alinde nani?

DEREVA: Kuna kikundi. Mnakaa duara, mnaongea.

KOPLO: Watu kumi wasiolala wanasimuliana ndoto. Raha iliyoje.

DEREVA: Kuna mshauri basi. Mnakaa wawili, unamsimulia siku yako ile mbaya, tena na tena, mpaka inakuchoka.

KOPLO: Mbona kila usiku naisimulia bure? Haijanichoka.

DEREVA: Unaisimulia peke yako.

KOPLO: [mikwaruzo] ...na chumba chenyewe cha kusubiri! Wanawakalisha askari migongo yote ielekee mlangoni. Hivi aliyepanga vile viti alikuwa na akili?

DEREVA: Eti! Kiti cha ukutani ni kimoja tu, kando ya mtungi wa maji, na kila ukienda kina mtu—

KOPLO: Umejuaje?

DEREVA: Wewe umejuaje?

KOPLO: Nilipita. Nilifanya doria kidogo, kwa ajili yako.

DEREVA: Ukakaa?

KOPLO: Kile kiti kilikuwa na mtu. Nikarudi nyumbani. Mara ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu.

DEREVA: Na mimi nilifanya doria. Kwa ajili yako.

KOPLO: Kumbe tunapendana hivi!

DEREVA: Mrefu wetu wa kikosini naye alienda, afande. Hakumwambia mtu.

KOPLO: Tusimtaje Mrefu.

DEREVA: Alienda peke yake, akageuza bila kuingia. Wiki ile ile tukamzika.

KOPLO: Nimesema tusi— [kengele inalia] Hiyo kengele ya wapi?

DEREVA: Ya... ya jirani.

KOPLO: Jirani yako ana kengele ya kliniki? Nimeisikia kwenye simu, na nimeisikia kwa sikio hili jingine. Dereva, uko wapi?

DEREVA: Sema kwanza kibanda chako kimehamia wapi.

KOPLO: [anaguna] Nyuma ya tangi la maji.

DEREVA: Kofia inaonekana. Mimi nimejibanza huku kwenye gari la wagonjwa.

KOPLO: Muda wote unaniona?

DEREVA: Tangu nikupigie. Ukishona.

KOPLO: Na chai yako je?

DEREVA: Imepoa. Toka huko, mzee.

KOPLO: Toka wewe kwanza.

DEREVA: Wewe ndiye mwenye cheo!

KOPLO: Basi tutoke pamoja. Usikate simu.

DEREVA: Salio linaisha.

KOPLO: Liache liishe lenyewe. Dirisha liko wazi... kile kiti hakina mtu. Wahi ukae.

DEREVA: Kaa wewe. Mabegi yako mlangoni kwako, si kwangu.

KOPLO: Na wewe ukae mgongo mlangoni? Honi ikipigwa je?

DEREVA: Naogopa, kaka, sikufichi. Lakini nitakaa mbele yako. Wewe niangalizie mlango.

MUUGUZI: [kwa mbali] Nyie wawili mnaopigiana simu hapo uani! Mgonjwa ni nani?

DEREVA: Ni huyu, dada. Mimi namsindikiza tu.

KOPLO: Ni mimi, dada. Na huyu pia. Tuandike wote wawili. Na tafadhali, huo mlango usiufunge kwa kishindo.

DEREVA: Afande, salio lina—

KOPLO: Dereva? Haloo? [simu imekatika; wanaingia ndani] Kaa tu, ndugu yangu. Naangalia.