Ndala ya Kijani Haifichiki

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Bwana Ndala anastaafu, baada ya kuilinda stoo ya vifaa ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa kwa niaba ya dobi niandike maneno mazuri juu yake. Mazuri yapo tele. Ila wewe unayesoma hapo umekalia mashuka yangu safi, inuka kwanza.

Aliingia hapa kijana mwenye masharubu, akakuta ghorofa nne na kila wodi ina wafichaji wake. Kiti cha magurudumu kilitoka asubuhi, jioni hakijulikani kililala wapi. Ngazi ya fundi ilipatikana jikoni, imeanikwa vitambaa. Wodi ya wazazi walificha mizani chini ya kitanda, eti isichukuliwe na wodi ya watoto, kumbe hiyo ni ya watoto, na wao wa watoto wameficha ya wazazi. Ukiuliza, kila mtu hajui, hajaona, ndiyo kwanza anaingia zamu. Waongo wakubwa nyie.

Bwana Ndala akaweka sharti lililompa jina. Ukitaka kitu, vua kiatu cha kushoto. Kiatu kinakaa rafuni palepale kitu kilipokuwa, nawe unapewa ndala moja ya kijani, pana kama sinia, utembee nayo mpaka urudishe. Kitu kikitafutwa, hakuna kupekua wodi kwa wodi. Tazama kiatu ujue ni cha nani, kisha tazama sakafuni umtafute mwenye mguu wa kijani. Mpishi mkuu alimtukana mpaka akaishiwa matusi, halafu akavua.

Msidhani ni mpole. Anajisifu huyo, na masharubu bado anayachana kila akipita kioo. Siku moja ya wageni wakubwa alichukua ngazi mwenyewe kutundika mapambo, akasahau kuacha kiatu. Dereva wa gari la wagonjwa akamdaka, akamvua kiatu mbele ya watu. Soksi imetoboka, dole gumba linachungulia. Akavaa ndala yake, akawapokea wageni hivyohivyo, kifua mbele kama bwana harusi.

Sasa nasikia wapo wanaosubiri aondoke tu waitupe ile rafu, eti wageni wanatucheka. Wacheke. Mkwe wangu alijifungulia hapa kabla ya miezi kutimia, mtoto wa baridi kama bomba la maji. Mashine ya kuwapasha watoto joto haikuwepo mahali pake. Pale rafuni palikuwa na kiatu cheusi kilicholika kisigino, na jengo zima linakijua: cha fundi umeme. Bwana Ndala akakimbilia dirishani, akamwona fundi uani, mguu wa kijani huo, mashine imeshatengenezwa iko kwenye toroli, yeye amesimama anapiga soga na mlinzi. Ile sauti iliyomtoka, nadhani hata waliopigwa nusukaputi waliisikia. Wee fundi, panda na hiyo mashine, mtoto wa watu anaganda! Fundi alipanda ngazi ndala ikipiga pa, pa, pa, mlinzi nyuma yake ameshika upande wa pili.

Mjukuu wangu huyo sasa yuko darasa la nne. Mjeuri, na anamshinda baba yake kwa kula. Kwa hiyo atakayeigusa rafu ile ajue dobi kuna maji ya moto, na mimi sistaafu leo wala kesho.

Bwana Ndala, ahsante. Umetufundisha adabu, ingawa wengine imewaingia mguuni tu. Nenda ukapumzike, na jikoni kwa mkeo usipange kitu, mwache aweke sufuria zake anapotaka. Mungu akupe afya na usingizi wa mchana.

Na nyie mnaobaki, sikilizeni. Uongozi umempa kile kiti chake cha stoo akakae nacho kibarazani kwake. Juzi, zamu ilipoisha, alikwenda kukichukua. Aliinama, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka pale kiti kilipokuwa, akatoka na ndala ya kijani, kiti begani. Kiatu kile nimeshakifuta vumbi. Asikisogeze mtu. Kitu chetu kimetoka, na tunajua kilipo.