Hervé Lagadec na Koma Moja

Miaka thelathini na mmoja si haba. Ifikapo tarehe 30 Juni, Bwana Hervé Lagadec, mkuu wa dawati la siasa la gazeti letu, atarudisha funguo za ofisi yake na kustaafu. Bodi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisimvike kilemba cha ukoka. Vya namna hiyo ameshavishwa vingi Paris.

Alianza kwa kuandika habari za samaki bandarini, na wakongwe wa hapa wanasema alikuwa mkali kweli. Kisha akaonja chakula cha mawaziri. Tangu hapo hakuna mkubwa wa Paris aliyefika huku mkoani kwetu Bretagne asiketi naye mbele ya chaza na mvinyo mweupe, na hakuna mahojiano yaliyochapwa kabla ya kupelekwa wizarani yakasomwe na kunyooshwa. Ndiyo desturi ya magazeti yetu, na wengi tunaitii kwa aibu. Hervé aliitii kwa furaha, kama mtu anayepeleka suti kwa dobi.

Mafanikio yake hayafichiki. Waziri mmoja aliyebabaika tangu mwanzo hadi mwisho alitoka gazetini kwetu msemaji fasaha. Mwingine alijibu vizuri mno maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

La kukumbukwa zaidi ni lile la wodi ya wazazi. Waziri mmoja alikuja kuzindua maabara ya hospitali yetu, na ripota wetu Maïwenn Quéméner akamuuliza kama wodi ya kujifungulia itafungwa. Ulimi ukateleza, akasema ndiyo, kabla ya Krismasi. Maandishi yaliporudi kutoka wizarani, jibu lilikuwa limegeuka: kila mama atahudumiwa karibu na kwake.

“Bosi, hata swali langu wamelibadilisha,” Maïwenn alilalamika. “Na sauti yake ninayo hapa.”

“Binti, punguza jazba,” Hervé akamjibu huku akivaa koti. “Tukichapa hayo, nani atapokea simu zetu kule? Funika kombe mwanaharamu apite.”

Kombe likafunikwa. Mji haukuandamana, maana hakuna aliyejua. Wodi ikafungwa Novemba, na Januari dada yake Maïwenn akajifungulia ndani ya gari, kando ya barabara ya kwenda mji wa Brest, ambako ndiko iliko wodi iliyobaki. Mtoto yu mzima, tunashukuru. Hervé alimletea Maïwenn maua ofisini. Maïwenn aliyatupa pipani mbele yetu sote, nami nilifurahi.

Juzi Hervé alikuja mezani kwangu akitabasamu, akaomba ausome wasifu huu kabla haujachapwa.

“Nitagusa kidogo tu, ndugu yangu,” alisema. “Mambo ya koma.”

Nikampa. Aliurudisha akiwa ameikata habari yote ya wodi, na mahali pake ameandika kwamba daima aliwapenda wasomaji. Nimeyapitia masahihisho yake kwa makini. Koma moja nimeikubali.

Sasa atapata muda wa kumlea mjukuu wake wa kwanza, ambaye binti yake, anayeishi hapa hapa mjini, anamtarajia Septemba. Asante kwa miaka yote, Hervé. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu na simu nyingi kutoka Paris. Binti yako tunamtakia njia nyeupe mpaka Brest.