Lorine Kweyu na Damu ya Ghorofa ya Tano

“Damu yangu iko wapi? Mama Lorine, leo utaniambia!”

“Nthoki, tuna msiba hapa. Punguza sauti.”

“Sipunguzi! Mtoto wako alitutoa damu, akanyamaza. Wanasema aliiuza!”

“Wanasema akina nani? Si ni wewe?”

Hayo, wasikilizaji wapendwa, yalitokea Jumamosi alasiri, mtaani Kware, ghorofa ya tano, mlangoni kwa Mama Annah, mamake Lorine. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Mimi, jirani yao, nilibanwa kando ya mitungi ya maji, na sikutaka kukosa neno hata moja.

Tunamkumbuka Lorine Kweyu. Lorine Kweyu, fundi wa maabara, miaka thelathini na mmoja. Jumanne asubuhi aligongwa na pikipiki akikimbilia kazini, akafariki.

“Huyo hata chai alikunywa akiwa amesimama,” anasema mamake, Annah, “kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.”

Kazi yake ilikuwa kutenganisha seli. Msiogope, ni rahisi. Ndani ya damu mna seli za kinga, askari wa mwili. Watafiti wanazitaka ili wazifundishe kupigana na saratani. Lakini lazima kwanza zitolewe kwenye damu. Lorine alimimina damu polepole juu ya maji fulani mazito, visichanganyike. Mashine ikazungusha. Nyekundu ikazama, askari wakabaki katikati, utando mwembamba kama ukungu. Mashine hiyo haipigwi breki. Inaachwa isimame yenyewe, la sivyo kila kitu kinavurugika. Lorine, asiyeweza kungoja hata lifti, hiyo aliingoja.

Na damu ikilala, inaharibika; inatakiwa iliyotolewa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka jana aliwaomba majirani. Watu saba wa ghorofa ya tano walienda maabara, wakatia sahihi, wakatolewa damu. Nthoki alitangulia, maana dadake, Mwelu, alikufa kwa saratani ya titi. Lorine akamwahidi: “Nitakuja nikuambie iliishia wapi.”

Hakuja. Ngazini alipita mbio, macho chini. Basi tukajitungia wenyewe. Mpaka soko la Gikomba niliambiwa ameiuza.

Sasa Jumamosi, Musau, aliyefanya kazi na Lorine maabara, akainuka kwenye benchi.

“Mama Nthoki, damu yako haikuuzwa. Seli zako ziliishi siku nne. Ya tano zikafa. Za wote saba zilikufa. Lorine alitaka kwanza apate habari njema ndiyo aje. Kila wiki alisema, wiki ijayo. Aliona aibu.”

“Aibu ya nini?” Sauti ya Nthoki ilishuka. “Siku nne! Kwani ningemla? Kwa Mwelu wetu hakuna aliyejaribu hata siku moja.”

Halafu akauliza, “Na hiyo Jumanne alikuwa anakimbilia nini?”

“Seli za mtu mwingine. Zilikuwa zimefika siku ya tisa.”

“Leo nani anaziangalia?”

“Mimi.” Musau akatazama saa. “Saa kumi naondoka.”

Mama Annah, na ukoo wote wa Kweyu, poleni sana kutoka hapa studio. Nasi wengine tujiulize: mlango wa Lorine ulikuwa hatua sita tu kutoka kwa majirani. Nani aliubisha? Mimi pia sikuubisha.

Nthoki alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, hajui aende ama akae. Mama Annah akapakua ugali na mboga ya mrenda, akaongeza kipande cha kuku.

“Nthoki, unatuzibia hewa hapo. Vua viatu, ingia ule.”