Mlinzi wa Viatu

Benchi letu la Namatala, mtaa wa Mbale, liko kwa Magid muuza kahawa, karibu na msikiti, na mwaka ule lilinoga kuliko bunge. Waasi walikuwa milimani magharibi, na ilisemekana wengine ni vijana waliovutwa na wahubiri wakali huku kwetu Mbale na Jinja. Serikali ikaleta dawa: kila Ijumaa Afande Odongo, askari jela, Mkatoliki kutoka kaskazini, akae mlangoni mwa msikiti asikilize hotuba. Shehe akaambiwa ahubiri Kiswahili ili afande aelewe. Odongo alikaa penye viatu, tukamwita Mlinzi wa Viatu. Nilimpenda, sifichi.

— Tangu wewe nakuja, alisema Herbert, ambaye tulimwita Redio, hata ndara moja haijaibiwa.

— Na hotuba ya leo, bwana! Odongo alijibu. Usafi wa mwili. Mimi nafurahi kabisa.

— Wiki ya tatu sasa ni usafi tu, Magid alisema akimimina. Shehe anaogopa. Watu wanasinzia.

— Wacha walale! Herbert alidakia. Wazee walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wakinyamaza, mambo iko salama.

— Redio, hiyo methali... Magid alianza.

— Ngoja, ssebo, bwana wangu! Mwasi anatembea kwa mguu. Mguu inataka kiatu. Vile viatu vya zamani viliibiwa vikaenda wapi? Milimani! Odongo amefunga hiyo njia. Vita imekwisha!

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Odongo alipiga saluti.

Hapo alikuwa amefika Namukose, mama wa Jinja, akisukuma baisikeli yenye pancha.

— Magid, mdogo wako Marjan yuko wapi? Fundi wangu ni yeye.

— Hasali hapa tena, mama. Anasema hotuba ni ya Afande, siyo yake. Siku hizi wanasali chumbani kwa mhubiri mmoja mgeni, kule viwandani.

— Kumbe. Na huko nani anasikiliza?

Mimi niliyecheka kuliko wote niliona aibu.

Magid alifunika birika.

— Naenda kumtafuta.

Odongo akainuka.

— Baki, Afande, Magid alimwambia. Akiona hizo nguo za askari atakimbia.

Odongo alijitazama. Akafungua vifungo vya shati la kazi, akaliacha benchini, akamfuata Magid akiwa na fulana yake iliyotoboka tu.