Swali Lisilokuwa Kitabuni

Kwenye foleni ya basi katika mtaa wa Tena, Kasiva alikuwa akimtahini jirani yake Shitanda kwa kitabu cha fotokopi cha maswali ya mantiki walichochangia kununua. Waliomba kazi moja, wakafanya mazoezi mwezi mzima, na aliyeitwa kufanya mtihani wa kuajiriwa ni Shitanda peke yake. Kasiva alisema amefurahi, huku akipekua kurasa kama anayezipiga makofi.

"Wote walioitwa walifanya mazoezi," alisoma, ingawa swali hilo halikuwa kitabuni. "Kasiva alifanya mazoezi. Je, Kasiva aliitwa?"

"Haijulikani," Shitanda akajibu haraka, wala jina halikumshtua. "Hiyo rahisi. Leta ngumu."

Basi likasimama mbele yao.

"Si uniachie kitabu nisome njiani?"

Kasiva akakitia mkobani, akavuta zipu. "Panda, Shitanda. Utachelewa."